Skana nzima, draiva hakuna: shajara ya kuhamisha steshenari kwenda Windows 11

Agosti 2025: orodha kwanza

Mradi huu ni wa steshenari ya mama mmoja hapa Morogoro. Kompyuta zake zote ziko kwenye Windows 10, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft inaacha kuipa masasisho ya bure ya usalama. Natakiwa kuzihamishia Windows 11 bila kufunga duka. Mwenye mali hajali Windows ni namba ngapi. Anachojua ni kwamba kompyuta ya pale mbele ndiyo inayoingiza hela: kuprinti, kuskani vyeti vya wanaoomba kazi Ajira Portal, na msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB ukifika, foleni inatoka nje ya mlango.

Kompyuta zenyewe hazinisumbui kichwa. Zilizopo ni za zamani mno kwa masharti ya Windows 11, yaani TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Tumekubaliana kununua deskitopu za mtumba zinazoingia kutoka Dubai. Wasiwasi wangu uko kwenye vitu vilivyochomekwa nyuma yake, na hivyo ndivyo nilivyoanza kuviandika daftarini kabla ya kugusa kebo yoyote: printa ya wino yenye matangi, printa ndogo ya leza nyeusi, mashine kubwa ya kopi iliyounganishwa kwenye ruta, printa ya risiti, na skana bapa ya miaka ya katikati ya 2000.

Skana ndiyo iliyonikalisha chini. Mtengenezaji aliitolea draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa) ya biti 32 peke yake, ule mtindo wa zamani kabla ya biti 64, kisha akaenda zake. Sasa nimeelewa kwa nini fundi aliyenitangulia aliweka Windows 10 ya biti 32 kwenye kompyuta ile wakati prosesa inabeba biti 64 bila shida. Hakuwa mvivu. Alikuwa anailinda skana.

Windows 11 haina toleo la biti 32. Programu ya kawaida ya biti 32 bado inafunguka humo, lakini draiva inayoingia ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, lazima iwe ya biti ileile na kerneli. Hakuna mlango wa uani.

Nikaenda kumwambia mwenyewe mapema, ili lisije kuwa jambo la siku ya kuhama.

"Shikamoo mama. Hii skana haitafanya kazi na kompyuta mpya."

"Marahaba. Imeharibika lini?"

"Haijaharibika."

"Sasa kama haijaharibika, kwa nini isifanye kazi?"

Nikaeleza habari za biti na kerneli kwa kadiri nilivyoweza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akabonyeza kitufe cha skana, mwanga ukapita chini ya kioo kama kawaida. "Mwanangu, hiki kitu kizima hiki. Wewe unaniambia ninunue kingine kwa sababu ya kitu gani hasa?"

Nimeliandika swali lake kama alivyolitamka kwa sababu sijapata jibu linalomridhisha mtu asiye fundi. Kwa mteja, kifaa kibovu ni kisichowaka, kinachonuka kuungua, au kinachotoa mistari. Kifaa kinachowaka vizuri ambacho kompyuta inakikana hakimo katika hesabu zake, na aliyesimama mbele yake wakati kinakanwa ndiye mshukiwa wa kwanza. Aliyeandika draiva hajawahi kumwona. Aliyetengeneza Windows hajawahi kumwona. Mimi ananiona.

Septemba, wiki za mwanzo: kompyuta ya kwanza

Nimehamisha meza ya nyuma kwanza, ambako wateja hawafiki.

Printa ya matangi: hakuna cha kuandika. Niliiweka kwenye mtandao, Windows 11 ikaiona, ukurasa wa majaribio ukatoka. Sikutumia CD wala kupakua kitu kwa bando. Siri yake ni kwamba inazungumza IPP, lugha ya kuprinti isiyo mali ya kampuni moja. Apple walileta AirPrint mwaka 2010, kisha mwaka 2013 Canon, HP, Samsung na Xerox wakaanzisha Mopria Alliance, na tangu hapo printa nyingi mpya zinatoka kiwandani zikijua kujieleza zenyewe: mimi ni nani, nabeba karatasi gani, rangi ninazo au sina. Mfumo endeshi unahitaji draiva moja tu ya jumla kwa zote. Mtengenezaji akisinzia, printa haisinzii naye.

Sitaki kuisifia kupita kiasi. Sasisho la hiari la mwishoni mwa Januari 2025 lilifanya baadhi ya printa za USB zinazojua njia mbili kwa pamoja, ile ya zamani na IPP, zianze kutema karatasi zenye maneno ya kimtandao, mara nyingi yakianza na "POST /ipp/print HTTP/1.1". Marekebisho yalikuja mwezi Machi. Mtu anayeuza kuprinti kwa kila karatasi anajua hasara ya rimu inayoliwa na upuuzi. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2024, Microsoft walisimamisha kwa muda sasisho kubwa la Windows 11 liitwalo 24H2 kwa kompyuta zenye skana za USB zinazotumia itifaki ya kuskani ya eSCL, kwa sababu skana hizo zilikuwa hazionekani. Hiyo ni itifaki mpya, ya vifaa vipya. Kwa hiyo yule anayesema "nunua kipya uondokane na shida" anasema nusu ya kweli.

Printa ya risiti: draiva ya Windows 10 ya biti 64 ilikubali bila maneno.

Mashine ya kopi: kuprinti sawa, kuskani kwenda kwenye folda hapana. Hapa kosa si la draiva, ni fimwea ya mashine (programu iliyo ndani ya kifaa chenyewe) inayojua SMB1 tu, itifaki ya zamani ya kushirikiana mafaili ambayo Windows imeacha kuiweka yenyewe tangu 2017 kwa sababu za usalama. Ningeweza kuirudisha kwa kubofya mahali pawili. Sikufanya hivyo, duka lina mafaili ya vitambulisho na vyeti vya watu. Nimeiacha pembeni mpaka nipate pa kuielekezea.

Kijana wa duka amelalamika kwamba akaunti yake haimruhusu kuongeza printa. Nimemwambia ni sawa. Julai 2021 lilifumuka tatizo la PrintNightmare, ambapo huduma ya kuprinti ya Windows ilimwezesha mvamizi kupenyeza draiva yake na kupata mamlaka yote ya kompyuta. Tangu Agosti ya mwaka huo, kuweka draiva ya printa kunadai mamlaka ya msimamizi. Ni kero, ila kero yenye sababu.

Septemba, mwishoni: maneno

Leo nimesemwa. Mteja aliletwa na haraka zake, meza ya mbele iko katikati ya kuhamishwa, leza ndogo haijibu, na mama akaniambia mbele ya watu: "Kila mkigusa lazima kitu kife."

Leza ile ndogo ni ya aina isiyo na akili yake mwenyewe. Haina fimwea ya kudumu ndani; kila ikiwashwa, kompyuta ndiyo inayoipakia, na kila ukurasa unapikwa na kompyuta mpaka nukta ya mwisho. Ndiyo maana iliuzwa rahisi. Printa ya namna hiyo bila draiva ni sanduku lenye roli. Draiva ya biti 64 ipo, ila ni ya zamani na kwenye Windows 11 inafanya kazi inapojisikia: siku moja inaprinti, kesho yake foleni inaganda.

Baada ya wateja kupungua nilimsimulia mama kisa cha Windows Vista. Si kwa kujitetea, au labda kidogo. Vista ilifika madukani Januari 2007, na mfumo wake wa draiva za video na sauti ulikuwa umebadilishwa sana. Watengenezaji wengi walikuwa hawajajiandaa. Wateja wa Marekani waliishtaki Microsoft kuhusu stika za "Windows Vista Capable" zilizobandikwa kwenye kompyuta ambazo haziwezi kuendesha Vista yote, na mwaka 2008 mahakama ya Seattle ikaziweka wazi barua pepe za ndani za kampuni. Humo yumo Jon Shirley, mjumbe wa bodi na aliyewahi kuwa rais wa Microsoft, akimlalamikia Steve Ballmer, mkuu wa kampuni wakati huo, kwamba hawezi kuhamishia Vista kompyuta yake moja ya nyumbani: printa yake ya Epson, iliyokuwa bado inauzwa, haina draiva, skana yake ya Epson haitatengenezewa kabisa, na skana yake ya filamu ya Nikon nayo bado. Yumo Mike Nash, makamu wa rais, aliyesema amebaki na mashine ya dola 2,100 ya kusomea barua pepe. Na Steven Sinofsky, mmoja wa wakubwa wa Windows, akijibu kwamba watengenezaji hawakuamini kama Vista ingetoka kweli, hivyo walichelewa kuanza kazi mpaka mwishoni mwa 2006.

Katika kesi hiyohiyo ilionekana kwamba katika kuganda kwa Vista kulikoripotiwa kwenye takwimu za 2007, karibu asilimia 29 kulitokana na draiva za Nvidia, watengenezaji wa chipu za picha, na karibu asilimia 18 na za Microsoft wenyewe.

Mama akauliza, "Huyo mkubwa wao alifanyaje na skana yake?"

Nikamwambia barua haisemi. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi hii, kisha akasema: "Basi yeye ana hela ya kununua nyingine. Mimi nataka hii hii."

Nimeondoka na sharti hilo.

Oktoba: seva ya pembeni

Uamuzi: hakuna kifaa cha zamani chenye shida kitakachochomekwa kwenye Windows 11. Vyote vitachomekwa kwenye mashine moja ya Linux, mfumo endeshi huria usio wa Microsoft, nayo ndiyo itakayozungumza na Windows kwa lugha ya mtandao. Windows ikibadilika mwakani, itakuwa inabadilika mbali na skana.

Mashine yenyewe haikununuliwa. Ni kompyuta ileile ya prosesa ya zamani ya Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2 iliyokuwa mbele, ambayo Windows 11 haitaki hata kuisikia. Nimeweka Debian 13, mojawapo ya aina za Linux, bila mazingira ya picha. Hapa niseme ukweli kwa wanaodhani Linux haitupi mtu: Debian 13, iliyotoka Agosti mwaka huu, nayo imeacha kutoa kisakinishi cha biti 32. Prosesa hii ina biti 64, kwa hiyo imepona. Ingekuwa Pentium ya zamani zaidi, ningebaki na Debian 12.

Skana niliichomeka, nikaandika `scanimage -L`, amri ya kuorodhesha skana, ikajitaja jina mstari wa kwanza. Mradi wa SANE umebeba draiva za skana kwa miaka mingi, na kwa skana hizi draiva haikai ndani ya kerneli. Inakaa nje, kama programu, ikipitia maktaba ya USB. Ndiyo maana imevuka kutoka biti 32 kwenda 64 bila kuomba ruhusa ya mtengenezaji: msimbo upo wazi, mtu yeyote anaukusanya upya. Baadhi ya draiva hizo ziliandikwa na watu waliokaa wakichungulia kinachopita kwenye kebo ya USB ili wajue kifaa kinaambiwa nini, kwa sababu kampuni hazikutoa maelezo. Hili ndilo linalonikera kuliko draiva kuchelewa. Kuchelewa naelewa: kampuni imeshauza skana mara moja, na kuandika draiva mpya ni gharama isiyorudisha kitu. Lakini ukiamua kuacha, weka maelezo ya kifaa hadharani uondoke kwa amani. Kuacha bila kutoa maelezo ni kumfungia mtu mali yake ndani ya nyumba yake.

Juu ya SANE nimeweka scanservjs, programu ya kuskani kupitia kivinjari. Kijana wa duka anafungua kivinjari, anachagua A4, anabofya, PDF inashuka. Hakuna draiva upande wa Windows, hata kidogo. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba anaweza kuskani kutoka kwenye simu, na mteja anayetaka faili WhatsApp analipata hapohapo.

Leza ndogo imechukua muda zaidi. Draiva yake huria ipo, ila ile fimwea lazima ipakiwe kila printa inapowashwa, na umeme wetu ukikatika na kurudi, printa inaamka ikiwa haijui lolote. Nimeandika kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayoangalia vifaa vinavyochomekwa: printa ikionekana kwenye USB, fimwea inatumwa yenyewe. Nimeijaribu kwa kuchomoa waya wa umeme kwa makusudi, tena na tena, huku kijana wa duka akinitazama kama nimechanganyikiwa. Kwa upande wa mtandao CUPS, programu ya kuprinti ya Linux, inaitangaza kama printa ya IPP, na Windows 11 inaichukua kwa draiva yake ya jumla. Kwa maneno mengine, printa isiyo na akili imeazimwa akili ya seva.

Mashine ya kopi nayo imepata pa kutupia. Inajua FTP, njia ya kutuma mafaili kwa mtandao, nimeifungulia folda ndani ya seva, ruta imezuia chochote kutoka nje kisiifikie, na SMB1 imebaki imelala.

Baada ya tarehe 14

Siku ilipita kimya. Windows 10 haizimiki. Inaacha tu kupata masasisho ya usalama ya bure. Nasisitiza kwa sababu watu wawili wamenipigia wakiuliza kama kompyuta zao "zimekufa jana".

Kompyuta moja ya mhasibu nimeiacha Windows 10 kwa kukusudia, kwa kuwa programu yake inangoja toleo jipya. Nimeiandikisha kwenye masasisho ya ziada ya usalama, ESU, yanayofika Oktoba 2026. Kwa mtu binafsi bei ni dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bila kulipa ukikubali kusawazisha mipangilio ya kompyuta na akaunti ya Microsoft. Nchi za Ulaya zilipata nafuu zaidi baada ya vyama vya walaji kupiga kelele. Ofisi na makampuni wana bei yao, dola 61 mwaka wa kwanza kwa kompyuta, ikipanda maradufu kila mwaka. Mama amesikia "inaisha mwakani" akasema tena niandae daftari. Hana ubaya.

Novemba: wengine wameanza kuja

Habari za skana iliyofufuka zimemfikia mtu anayepanga masafa ya redio za walinzi. Kebo yake ya USB ya kuprogramu redio ilikuwa nzima kwenye Windows 7. Kwenye Windows 11 inaonekana kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, na alama ya njano, ikiwa na ujumbe unaomtaka awasiliane na muuzaji. Muuzaji ni kijana wa Kariakoo ambaye hayupo tena kwenye fremu ile.

Ndani ya kebo kuna chipu ya kugeuza USB kuwa serial, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa, na hii ni ya kuigizwa. Draiva mpya za watengenezaji halisi wa chipu hizi zinajua kutambua za kuigiza na kuzikataa. Wanayo haki ya kulinda kazi yao, sibishani. Lakini anayeumia ni mtu wa mwisho, aliyenunua kebo bila hata kujua kuna chipu ndani. Kisa kikubwa zaidi cha aina hii ni cha Oktoba 2014: draiva ya FTDI, kampuni inayotengeneza chipu hizi, iliyosambazwa kupitia Windows Update ilibadilisha namba ya utambulisho ndani ya chipu za bandia ikawa sifuri, na kifaa kikaacha kutambulika hata kwenye kompyuta nyingine. Kelele zikawa nyingi, draiva ikaondolewa. Mtu aliwasha kompyuta asubuhi, sasisho likaingia lenyewe, kifaa kikafa, na hakuna aliyemwuliza.

Kebo ya huyu bwana nimeichomeka kwenye laptopu ya Linux, kerneli ikaikubali bila maswali, redio zikaprogramiwa. Aliniuliza kama nimeitengeneza. Nimemwambia sikugusa chochote, na ninaona hakuniamini, kwa sababu amelipa kama aliyetengenezewa.

Nimeanza pia kuwaandikia wateja karatasi moja ya kwenda nayo dukani. Kwa printa: iwe inatumia AirPrint au Mopria, hata kama huna iPhone. Kwa skana: iwe ya mtandao au iwe kwenye orodha ya SANE. Kwa kebo za serial: usinunue isiyosema chipu yake. Wauzaji wengine wanakereka na karatasi hii. Mmoja alimwambia mteja wangu kwamba "draiva zote zipo kwenye intaneti." Zipo kweli, pamoja na zile za kurasa zinazokupa virusi kwanza na draiva baadaye. Nimeshasafisha kompyuta zilizopita huko.

Upande wa Windows nako upepo unavuma kuelekea hukohuko. Septemba 2023 Microsoft walitangaza kwamba hatua kwa hatua watapunguza usambazaji wa draiva za printa za makampuni kupitia Windows Update, uzito uende kwenye IPP. Na 24H2 imekuja na hali ya kuprinti kwa ulinzi, ambayo ukiiwasha, draiva za makampuni zinatolewa kabisa na zinabaki printa za Mopria peke yake. Kwenye duka hili sijaiwasha, kwa sababu draiva ya printa ya risiti bado ni ya kampuni.

Hali ya mradi ilivyo sasa

Meza zote ziko Windows 11. Skana, leza na mashine ya kopi ziko nyuma ya seva. Yaliyobaki: kununua UPS ndogo (betri ya akiba) ya seva, maana diski ya Core 2 Duo haipendi kuzimika ghafla kama sisi tusivyopenda, kuhamisha nakala ya mipangilio yake kwenye flashi itakayokaa kwa mama, na kutafuta printa ya risiti yenye mtandao, ili ile ya USB iliyobaki isije kunirudisha hapa sasisho kubwa lijalo.

Mama ameuliza kama seva inaweza kubeba na skana ya dada yake wa Kilosa, ya kampuni nyingine, ambayo ilitupwa stoo tangu Windows 7 ilipoondoka. Nimemwomba anitumie picha ya namba iliyo chini yake niitafute kwanza kwenye orodha ya SANE. Picha imefika, imepigwa gizani, namba haisomeki. Nimemwomba apige nyingine.